Tippu Tip wa Kasongo: tajiri aliyekodisha msafara wake

Tajiri mwenye ndege yake binafsi haiachi ikae bure uwanjani. Siku ambazo yeye hasafiri, huikodisha kwa mwenye haraka, na mambo yote huandikwa kabla ya injini kuwashwa: safari ni ya saa ngapi, mafuta analipa nani, ndege ikirudi tupu gharama ni ya nani, na mteja akibadili mawazo njiani fedha zitakuwaje.

Kusini mwa Maniema maswali hayo hayo yalijadiliwa mwaka 1876, wakati hakuna ndege wala barabara ya gari. Kilichokodishwa kilikuwa msafara wa miguu: watu wenye bunduki, watu wenye mikuki, wanawake wapishi, na mizigo vichwani. Mwenye msafara alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip. Mteja alikuwa Henry Morton Stanley. Walifanya mikataba miwili kwa muda wa miaka kumi na mmoja. Wa kwanza ulimpa Tippu Tip jina hadi Ulaya. Wa pili ulichangia kumwondoa Kasongo, na hakurudi tena.

Hamed alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837. Ukoo wa baba yake ulikuwa na asili ya Omani, lakini damu ya bara ilikuwemo pia, na wageni waliomwona waliandika kwamba rangi yake ilikuwa nyeusi kabisa. Baba yake, Muhammed bin Juma, alifanya biashara Tabora na kuoa binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Kijana Hamed alianza safari ndogo za kununua sandarusi akiwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi. Alipofika kumi na minane alifuatana na baba yake hadi Tabora, kisha akavuka ziwa Tanganyika.

Jina la Tippu Tip lina maelezo mawili. Wengine husema ni kwa sababu ya macho yake yaliyopepesa bila kukoma. Yeye mwenyewe alipendelea maelezo mengine, kwamba ni mlio wa bunduki zake. Yote mawili yanawezekana.

Mtaji wake ulikuwa wa mkopo. Wafanyabiashara Wahindi wa Unguja, na hasa Taria Topan aliyesimamia ushuru wa forodha wa Sultani, walimpa nguo, shanga na baruti kwa deni, naye alirudisha pembe za ndovu. Mwaka 1867 alimshinda Nsama, mtemi wa Watabwa aliyeogopwa kusini mwa ziwa Tanganyika, akateka pembe nyingi. Ndipo alipokutana na David Livingstone. Mzee yule wa Kiskoti alikuwa amepungukiwa karibu na kila kitu. Hamed alimpa mbuzi, kitambaa, shanga na mtama, na kwa miezi kadhaa Livingstone alisafiri karibu na misafara ya wafanyabiashara hao bila mkataba wowote. Ulikuwa ukarimu tu.

Kabambare inajua mwisho wa mgeni asiye na msafara wake. Livingstone alifika huko mwaka 1869, na katika daftari lake aliuandika mji huo Bambarre. Mwaka uliofuata alijaribu kuelekea Lualaba, watu wake wengi wakamkimbia, akabaki na watatu. Vidonda vya miguu vikamlaza nyumbani kwa majuma mengi. Alikaa Kabambare akingoja watu kutoka pwani hadi Februari 1871, na walipofika walikuwa kumi tu. Alipofika Nyangwe alimwahidi mfanyabiashara Dugumbi fedha nyingi ili apate watu na mtumbwi, lakini hakupata. Julai mwaka huo aliona kwa macho yake watu wa Dugumbi wakifyatulia risasi umati wa soko la Nyangwe, mamia wakafa, wengi wao wanawake. Akageuka kurudi Ujiji. Mto ulikuwa mbele yake na hakuuvuka.

Tippu Tip alikuwa bado hajafika Kasongo. Safari yake kubwa ilianza mwaka 1870, na hakurudi Unguja hadi 1882. Alipita Urua, akafika nchi ya Watetela, na huko akafanya jambo ambalo wenyeji wa Maniema bado hulisimulia: alidai kwamba bibi yake alikuwa dada wa chifu Kasongo Rushie, aliyetekwa zamani akapelekwa pwani. Chifu mzee aliamini, au aliona faida ya kuamini, akamwachia utawala. Pembe zikaanza kuja kama kodi.

Agosti 1874 alifika Nyangwe, na hapo alimkuta Mwingereza mwingine amekwama, Luteni Verney Lovett Cameron, ambaye naye alikosa mitumbwi. Tippu Tip alimchukua hadi kambini kwake upande wa Lomami, akampa viongozi wa njia kuelekea kusini. Cameron aliendelea hadi pwani ya Angola. Baada ya hapo Tippu Tip alihamia Kasongo, ambako Waarabu na Wangwana waliomtangulia walimkubali kuwa mkubwa wao. Kabambare, njiani kuelekea ziwa Tanganyika, ikawa kituo cha jamaa yake Muhammed bin Said, maarufu kwa jina la Bwana Nzige.

Basi Oktoba 1876 Stanley alipofika karibu na Kasongo, alikuta watu wanaojua bei ya njia. Alitaka kufuata Lualaba hadi mwisho wake, na hakuna aliyejua mto ule unamwagika wapi. Livingstone alishindwa, Cameron alishindwa. Stanley alikuwa na mashua ya vipande vipande, *Lady Alice*, na watu wake wa Unguja, lakini watu hao walikuwa tayari kukimbia wakisikia habari za msitu. Alihitaji nguvu ya kuwasukuma hadi mahali ambapo kurudi nyuma kungekuwa kugumu kuliko kuendelea mbele.

Masharti aliyoyaandika Stanley yanasomeka kama mkataba wa leo. Tippu Tip angetoa watu 140 wenye bunduki na Wanyamwezi 70 wenye mikuki. Bei ilikuwa dola 5,000, yaani riale za wakati ule. Safari ingeanzia Nyangwe kwenda upande wowote atakaoutaka mteja, kwa vituo 60, kila kituo saa nne za kutembea, na muda wote usizidi miezi mitatu. Kila baada ya siku mbili za mwendo, siku moja ya kupumzika. Chakula cha watu 140 kilikuwa juu ya Stanley, nje ya ile bei, kama vile mafuta ya ndege yanavyolipwa kando. Mteja akikata tamaa njiani, analipa kamili. Mwenye msafara akikimbia kwa woga, anapoteza kila kitu.

Tippu Tip alifikiria pia safari ya kurudi, jambo linalomuumiza kila anayekodisha chombo. Vituo 60 vikiisha, Stanley atarudi naye Nyangwe ili walindane. Na kama Stanley atakutana na wafanyabiashara wa pwani ya magharibi akaamua kwenda nao, theluthi mbili za watu wake zitarudi na Tippu Tip. Aliyeweka sharti hilo alijua kwamba watu aliowapita akiwa na nguvu kubwa, angewapita tena akiwa amepungua.

Ndugu na rafiki zake walimlaumu. Walimwona mtu mwenye pembe nyingi ghalani akienda kufa msituni kwa ajili ya Mnasara na fedha kidogo. Kitabu chake mwenyewe kinataja kiasi kikubwa zaidi ya kile cha Stanley, na kinasisitiza kwamba hakwenda kwa ajili ya fedha. Huenda ni kweli. Dola elfu chache hazikuwa kitu mbele ya pembe alizokuwa nazo. Lakini aliyekuwa akitafuta pembe mpya alikuwa na sababu nyingine ya kwenda kuangalia kaskazini, tena kwa gharama ya mtu mwingine.

Waliondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba 1876. Msitu uliwapokea vibaya. Njia ilikuwa tope, giza na miiba, mwendo wa siku ukawa mfupi, na waliobeba vipande vya *Lady Alice* walifika kambini saa nyingi baada ya wengine. Siku kumi na moja baadaye, Tippu Tip alikwenda kwa Stanley kuomba avunje mkataba. Saa nne za kutembea Unyamwezi na saa nne za kutembea msituni hazikuwa kitu kimoja, na hesabu yake ya vituo ilikuwa imefanywa na mtu aliyezoea nchi wazi. Walibishana kwa saa nyingi. Mwishowe wakaandika upya: vituo 20 tu, kwa dola 2,600.

Walifika Lualaba, wengine wakapita majini, wengine nchi kavu. Ndui ilikuja, kuhara damu kukaja, mishale ikaja kutoka vichakani. Wenyeji wa kando ya mto walikuwa na haki ya kuogopa. Kwao kundi lenye bunduki lilikuwa na maana moja tu, na mara nyingi hawakukosea. Watu wengi wa msafara walifia njiani. Idadi ya wanakijiji waliokufa hakuna aliyeiandika.

Mwisho wa Desemba walifika Vinya Njara, na hapo mkataba ulikwisha. Siku ya Noeli Stanley aliandaa mashindano ya mitumbwi na ya mbio. Tippu Tip, mtu wa miaka karibu arobaini, alishindana mbio na Frank Pocock, kijana wa Kiingereza aliyekuwa msaidizi wa Stanley, na akamshinda. Zawadi ilikuwa kikombe cha fedha. Kisha malipo yakahesabiwa: hawala ya dola 2,600, punda wa kupanda, sanduku, mkufu wa dhahabu, doti 30 za nguo nzuri, ratili 150 za shanga, simbi 16,300, bastola moja na risasi 200, na ratili 50 za masango. Tarehe 28 Desemba Stanley alisukuma mitumbwi kwenda chini, na Agosti 1877 alitokea Boma.

Tippu Tip alirudi akiwa ameiona njia. Katika miaka iliyofuata watu wake walishuka mto hadi maporomoko ya Boyoma, ambako leo ni Kisangani, na pembe za msitu wote zikawa zinapandishwa Nyangwe na Kasongo, kisha Kabambare, kisha ziwani na pwani. Mabegani mwa nani, inajulikana. Wengi wa waliobeba walikuwa watu wa Maniema waliotekwa vijiji vyao vilipochomwa, au waliozaliwa ndani ya utumwa huo. Msafara uliokodishwa kwa Wazungu kwa kalamu na karatasi ulisimama juu ya watu ambao hawakuulizwa kama wanataka kwenda. Ndio hao pia waliokitawanya Kiswahili cha Kingwana mashariki mwa Kongo.

Kuhusu Stanley, Tippu Tip alikuwa na lalamiko ambalo hakulisahau hadi uzeeni. Anasimulia kwamba aliahidiwa zawadi kubwa zaidi baada ya Stanley kufika kwao salama. Kilichomfikia kilikuwa picha ya Stanley.

Hata hivyo, walipokutana tena Unguja mwanzoni mwa 1887, alikubali kuandika mkataba wa pili. Wakati huo Stanley alikuja kwa niaba ya mfalme Leopold wa Ubelgiji na kwa ajili ya safari ya kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekwama karibu na ziwa Albert. Miezi michache nyuma, Agosti 1886, watu wa Tippu Tip walikuwa wamekiteka kituo cha Leopold kwenye maporomoko. Leopold hakuwa na askari wa kutosha kuwafukuza, basi aliamua kuwaajiri. Tarehe 24 Februari Tippu Tip alitia sahihi kuwa liwali wa maporomoko, chini ya bendera ya Leopold, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Kwa tajiri kama yeye, mshahara huo ulikuwa kama utani.

Mkataba mwingine ndio uliokuwa na uzito. Angetoa wapagazi 600, kwa pauni 6 kila mmoja, kubeba mizigo ya Stanley hadi ziwa Albert na kurudi na pembe za Emin, ambazo Stanley aliamini ni tani 75 hivi. Stanley angetoa baruti na fataki za bunduki za wapagazi hao. Safari hii mwenye msafara hakuwa anakwenda yeye mwenyewe. Alikuwa anaahidi watu walio mbali, kupitia nchi asiyoijua vizuri, kwa baruti iliyo mikononi mwa mteja.

Siku iliyofuata walipanda meli *Madura*. Tippu Tip alikuwa na watu 96 wa nyumba yake. Ili kurudi Kongo ya mashariki alizunguka Afrika yote ya kusini, akaiona Cape Town, akashuka Banana tarehe 18 Machi 1887 na kupanda mto ambao miaka kumi kabla yake haukujulikana unakwisha wapi. Juni alifika kwenye maporomoko.

Wapagazi 600 hawakuja. Stanley alikuwa na haraka, akaondoka Yambuya, kando ya mto Aruwimi, tarehe 28 Juni, akawaacha nyuma Meja Edmund Barttelot na wenzake na mizigo mingi, waingoje ahadi. Tippu Tip alieleza kwamba alituma mamia ya watu, wakapambana na wenyeji, baruti yao ikaisha, wakatawanyika. Baruti iliyoahidiwa ilikuwa imebaki chini ya mto, na kwa hilo alisema kweli. Wengine waliamini kwamba hakuwa na hamu, kwa kuwa faida ilikuwa ndogo na njia ilikuwa mbaya. Kambini Yambuya watu walikufa kwa njaa, magonjwa, viboko na mihogo isiyoandaliwa vizuri.

Februari 1888 James Jameson, mmoja wa wale maofisa, alisafiri hadi Kasongo kumtafuta Tippu Tip mwenyewe. Walirudi pamoja mwishoni mwa Mei. Wapagazi wapatao 430 wakapatikana chini ya mkuu wao Mwinyi Somai, lakini kwa masharti mapya: mzigo wa ratili 60 ulikuwa mzito mno, lazima upunguzwe hadi 40. Maofisa walilalamika kwamba wamedanganywa. Mtu aliyewahi kubeba ratili 60 kichwani msituni angeona jambo tofauti. Wapagazi wa Maniema, kwa mara moja, walikuwa na mtu wa kubishana juu ya uzito wa mizigo yao, hata kama alikuwa bwana wao.

Waliondoka Yambuya tarehe 11 Juni 1888. Tarehe 19 Julai, huko Banalya, Barttelot alitoka alfajiri kwa hasira kunyamazisha ngoma na nyimbo za kambi, na Sanga, mmoja wa wapagazi wa Maniema, akampiga risasi, akafa. Jameson alikufa kwa homa mwezi uliofuata. Sanga alihukumiwa akapigwa risasi.

Stanley alitafuta wa kulaumiwa, na katika vitabu na hotuba zake lawama ziligawanywa kati ya maofisa waliokwisha kufa na Tippu Tip. Aliporudi Unguja mwishoni mwa 1889 alifungua mashtaka mbele ya ubalozi wa Uingereza, akidai pauni 10,000, na fedha za Tippu Tip zilizokuwa mikononi mwa wakala wake wa Kihindi zikazuiwa.

Habari zilimfikia Kongo. Mwaka 1890 alikusanya safari kwenda kujitetea, akaiacha Kasongo mikononi mwa mwanawe Sefu. Aliugua njiani hata akakaribia kufa, na alifika Unguja Julai 1891. Kesi iliachwa bila hukumu. Hakulipa zile pauni, lakini alikuwa ameondoka kwenye mji wake wakati mbaya kuliko wote.

Mwaka 1892 vita vilizuka kati ya dola ya Leopold na Waarabu wa Maniema. Ngongo Lutete, aliyekuwa mkono wa kuume wa Tippu Tip upande wa Lomami, alihamia upande wa Wabelgiji. Nyangwe ilianguka Machi 1893. Tarehe 22 Aprili askari wa Dhanis waliingia Kasongo kwa ghafla hivi kwamba wenyeji waliacha kila kitu, na daktari Hinde aliyekuwa pamoja nao alishangaa kukuta magodoro ya hariri, sabuni, sukari, bustani za michungwa na mashamba ya mpunga. Sefu alikufa kwa majeraha Oktoba mwaka huo. Rumaliza wa Ujiji alikuja kupigana, akashindwa, na tarehe 25 Januari 1894 Kabambare ikatekwa. Mji wa kale wa Kasongo ukawa mahame, na mahali pake huitwa Tongoni hadi leo.

Huko Unguja mzee alizisikia habari hizo moja baada ya nyingine, akiwa na mashamba na nyumba ya mawe mtaa wa Shangani. Rumaliza, aliyenusurika, alimshtaki kwenye mahakama ya Wajerumani akidai fungu lake la biashara ya pamoja, na mali ya Tippu Tip iliyokuwa bara upande wa Wajerumani ikapotea.

Kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na kitabu kikachapishwa Berlin kuanzia 1902 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Ndani yake kuna bei za pembe, majina ya machifu, madeni, na ile picha ya Stanley. Alifariki Unguja Juni 1905.